Maksai wa Kenyamonta na Sheria ya Warumi

Nilikuwa mwalimu wa shule kijijini Nyarero, na baada ya kazi nikisoma sheria kwa njia ya masafa. Nilikuwa nimefika kwenye sheria ya mauziano ya Warumi wa kale, nikajiona mjuzi wa kununua. Nikaenda Kenyamonta kutafuta maksai wa kulimia.

Mzee mmoja alinionyesha maksai mwekundu, mnene, mpole. Nilimzunguka, nikamkagua meno kana kwamba najua ninachotafuta. Tukakubaliana, nikalipa, nikamswaga hadi nyumbani.

Siku ya kwanza shambani alivuta plau hatua kama kumi, akalala. Tulimsukuma, tukamvuta mkia, tukambembeleza. Alicheua tu. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu jirani aliyekuwa akinisaidia aliitupa nira chini.

"Mwalimu, huyu amezoea. Aliyekuuzia anamjua."

Nikachemka. Kitabu changu kilisema Warumi walimtaka muuzaji wa mnyama sokoni aseme kasoro zake waziwazi. Akinyamaza, mnunuzi alikuwa na haki ya kumrudisha. Nikapanda gari na kitabu kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ng'ombe hajambo?"

"Amelala."

Nikamsomea ukurasa mzima. Alisikiliza kwa utulivu, kisha akauliza, "Hao Warumi ni ukoo wa wapi?"

"Walishakufa zamani, mzee."

"Basi wasitusumbue. Wewe ulisema unataka mpole. Huyo si mpole?"

Nilitamani kulia. Mke wake, aliyekuwa akipukuchua mahindi barazani, akasema bila kuinua kichwa, "Hata hapa alikuwa analala."

Mzee akamkazia macho.

"Kumbe ulijua!" nikasema.

"Nilijua. Hukuuliza."

Jibu la hilo nilikuwa nalo, ukurasa wa pili: aliyejua akanyamaza anawajibika, aulizwe asiulizwe. Nikafungua kitabu, mama yule akaniwahi.

"Mpe yule mweusi, mwalimu aende. Kelele zimezidi."

Mzee alikubali kwa kununa, kwa sharti kwamba nimrudishe mwekundu mwenyewe, kwa miguu. Nilimrudisha. Njiani alilala mara nne, mara mojawapo katikati ya barabara, lori likitupigia honi na dereva akiniuliza nimesoma mpaka darasa la ngapi.

Mweusi alilima msimu mzima bila shida. Na mtihani ulipokuja, swali la kasoro zilizofichwa lilikuwemo. Nilimwaga yote niliyoyajua, tangu meno ya mwekundu hadi lori, kurasa nne. Msahihishaji aliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Mtahiniwa ametoka nje ya mada."