Mama Alisahihisha Barua Zangu

Miaka ile nilipokuwa nasomea uzamivu Minneapolis, Marekani, kazi yangu ilikuwa kusoma barua za watu waliokufa. Nilichunguza maisha ya msomi mmoja Mwingereza wa zama za Malkia Viktoria, na barua alizomwandikia mama yake miezi ya kuelekea harusi yake. Alimweleza kila kitu: mapazia, mafua, hata wasiwasi wake. Habari za mama yule nilizijua kuliko za mama yangu aliyekuwa Korogwe, ambaye kwangu alipata ukurasa mmoja kila baada ya miezi mitatu.

Basi nilipopata mchumba, nilimwandikia Mama mistari minne. Nimempata msichana, ni Mkenya, anahudumia wazee huko Brooklyn Park, pembezoni mwa mji huu, tutafunga ndoa Agosti.

Baada ya wiki tano barua yangu ileile ilinirudia, imejaa wino mwekundu. Mama alikuwa amefundisha Kiswahili shule ya msingi maisha yake yote, na kustaafu hakukumnyang'anya kalamu. Alirekebisha herufi kubwa mbili, akapigia mstari neno "nimempata", na pembeni akaandika: "Wapi? Alikuwa amepotea?" Chini kabisa alinipa sita juu ya kumi. "Mhusika mkuu hajaelezwa. Rudia."

Nikarudia, na safari hii nikaweka picha tuliyopigwa kwenye theluji ya Januari nje ya kanisa. Akajibu kwamba koti ameliona na ni zuri, sasa anaomba picha ya mkwe.

Nilimsomea mchumba wangu barua hiyo tukiwa kwenye gari lake. Mimi sikuwa na gari; yeye ndiye aliyenipeleka kila mahali, jambo ambalo nyumbani sikulitaja. Alicheka mpaka akapitiliza mahali petu pa kutokea barabara kuu. Kisha akaomba anwani ya Mama. Nilidhani anataka kutuma kadi.

Sikujua lolote mpaka siku moja mwezi Julai, tukiwa mezani, aliponiuliza kwa upole kama ni kweli niligoma kwenda shule wiki nzima kwa kumwogopa jogoo wa jirani. Nikataka kujua kaambiwa na nani. Akafungua mkoba, akatoa barua tatu za mwandiko wa Mama, kila moja nene kuliko zote nilizowahi kupata mimi. Kumbe alishamsimulia Mama habari za gari, za soksi zangu, na jinsi ninavyowasifia Waingereza wangu wakati wa chakula. Barua yake ya kwanza nayo ilirudishwa na masahihisho, maana Kiswahili chake cha Nairobi kilimpa Mama kazi. Lakini alama zilikuwa nane.

"Nane?" nilisema. "Na umeandika 'hii kitu'?"

"Mama anasema mimi ninaeleza," akajibu, akaendelea kula.

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nilikaa maktaba, nikaweka kando makaratasi ya msomi wangu, nikamwandikia Mama kurasa kumi na moja. Tulishajua kwamba goti lake halingemruhusu kusafiri. Nilimwambia kwamba naogopa kusimama kanisani bila mtu hata mmoja wa kwetu, na kwamba barua zangu zilikuwa fupi kwa sababu sikutaka ausome upweke wangu.

Jibu lilifika Alhamisi. Harusi ilikuwa Jumamosi. Aliandika: "Marehemu baba yako alikaa siku mbili bila kula kabla ya kunioa, akadhani sijui. Mimi nilikaa tatu. Kamuulize mwenzio amekula nini leo."

Nikampigia simu kazini. Akakiri kwamba tangu jana alikuwa amekunywa chai tu. Alipotoka zamu akanipitia, tukanunua samaki na viazi vya kukaanga, tukala ndani ya gari mpaka mfuko ukabaki mtupu.