Asubuhi Waliyonyamaza Kwenye Reli ya Zamani

Namshukuru Mungu kwa miguu yangu, maana bado inanibeba, na kwa rafiki niliyetembea naye katika miaka ile ya tisini. Mimi nilikuwa mwalimu wa madrasa. Yeye alikuwa mchonga vinyago kutoka Ukambani, mzee wa kanisa, aliyefiwa na mkewe. Tulikaa mlango kwa mlango pale Makadara, Nairobi. Nikirudi kutoka swala ya alfajiri ningemkuta nje amevaa koti, ananingoja tushike njia.

Njia yenyewe ilikuwa reli ya zamani, tawi lililokuwa likipeleka mabehewa viwandani. Treni ziliacha kupita, vyuma vikang'olewa, yakabaki mataruma machache ya mbao na kokoto zilizozama kwenye nyasi. Treni haipendi mlima, kwa hiyo njia ilishuka polepole mno, hata mtu wa umri wetu hakuhema. Mto ulikuwa kushoto. Ulikuwa mchafu, sitasema uongo, ila kandokando watu walipanda migomba na sukuma wiki, na umande ukiwa bado haujakauka palipendeza. Mwisho wa njia palikuwa na kibanda cha mabati, na humo ndimo rafiki yangu alimochongea.

Kisha macho yake yakaanza kuzima. Daktari alimwambia ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Kazi haikumshinda, alichonga kwa kupapasa, na wanunuzi hawakuona tofauti. Kilichobaki kuwa shida ni kufika kibandani.

Mwanawe, dereva wa lori, alikuja jioni moja tukiwa tunakunywa chai.

"Baba, nikiwa barabarani silali. Naona tu ule mto. Twende nyumbani."

"Nyumbani nitafanya nini?"

"Utapumzika."

"Kwani nimekwambia nimechoka? Utaniweka kwenye kiti chini ya mti, nigeuzwe na jua kama mahindi."

Kijana alicheka, lakini macho yalimjaa machozi. Wakakubaliana: Jumamosi ambayo angepata ruhusa kazini, baba angetembea peke yake kutoka mlangoni mpaka kibandani, bila mkono wa mtu wala sauti ya mtu. Akifika, angebaki Nairobi. Akishindwa, angekwenda naye nyumbani. Niliona ni haki, na nikaombwa niwe shahidi.

Tulifanya mazoezi kila siku. Mwanzoni alishika mkono wa kanzu yangu, baadaye nikawa namfuata nyuma.

"Mwalimu, uko?"

"Niko."

"Basi nyamaza, unanichanganya."

Mwezi wa Ramadhani ulipoingia hakunihurumia. "Leo mandazi yananukia kuliko jana," angesema. "Au ni mimi tu?"

Ndivyo nilivyojua jinsi alivyokuwa akisafiri. Maana katikati ya njia palikuwa na mafundi wa mabati waliogonga masanduku na majiko tangu mapambazuko. Nyundo zikiwa kulia kwake, alijua mto uko kushoto. Mbele kidogo mama mmoja alikaanga mandazi, na pale mafuta yalipolia kwenye karai ndipo njia ilipokunja kulia na kuuacha mto. Aliniambia hayo mimi peke yangu. Kwa wengine alikuwa mtu wa utani.

"Nyinyi mafundi, mtanitoboa masikio!" alikuwa akipaza sauti kila asubuhi. "Hamna hata siku ya kupumzika?"

"Mzee wa vinyago, tukipumzika utatulisha?"

"Nitawachongea ugali!"

Na mama wa mandazi naye angesema, "Waache, baba, hawa walizaliwa na nyundo mkononi."

Jumamosi ile ilifika. Aliomba mlangoni, kofia mkononi, nami nikaomba kimoyomoyo kwa lugha yangu ya dua. Akaanza. Mwanawe na mimi tulifuata kwa mbali. Alitembea vizuri, mgongo umenyooka, fimbo ikigusa kokoto. Kijana alinitazama kama mtu anayeanza kuamini.

Tulipokaribia kwa mafundi niliona jambo ambalo hatukulifanyia mazoezi. Walikuwa wamesimama mstari mmoja kando ya njia, nyundo chini. Redio ilikuwa imezimwa. Mama wa mandazi alikuwa amehamisha jiko lake nyuma ya vibanda na kulifunika karai, ili mzee apate nafasi. Habari za siku ile zilikuwa zimewafikia, na kila mtu alitaka kumsaidia. Mama aliponiona aliweka kidole mdomoni, akatabasamu.

Rafiki yangu alipunguza mwendo. Aligeuza kichwa huku na huku, kama mtu aliyeitwa na asijue ameitwa na nani. Nilidhani angesimama. Lakini alijua mwanawe anamtazama, akaendelea moja kwa moja pale ambapo angekunja kulia, akapita kwenye sukuma wiki, akateremka ukingoni. Kijana alikimbia akaingia majini na viatu vyake vya kazi. Alimkuta amezama kwenye tope mpaka magotini, fimbo bado mkononi.

"Baba, umeumia?"

"Sijaumia. Miguu tu imechoka leo."

Mama wa mandazi alikuja mbio, akamfuta tope kwa leso yake huku analia. "Na tulinyamaza wote, baba, usisumbuliwe."

Mzee alimshika mkono. "Nilisikia," alisema. "Mungu awabariki. Haijawahi kutokea watu hawa wakaninyamazia."

Walicheka wote, wengine wakilia.

Usiku, wakati mwanawe akifunga patasi na tezo kwenye gunia, nilikaa na rafiki yangu kitandani. Nilitaka kumwambia kijana ukweli, pengine angempa baba yake siku nyingine. Alinikataza.

"Ukimwambia yeye, watajua na wao. Yule mama atabeba jambo hili mpaka kaburini. Mwalimu, acha iwe miguu yangu."

Nilimwahidi. Aliondoka siku ya pili yake, na kabla mwaka haujaisha tukaletewa habari ya msiba. Wakristo wenzake walikodi gari kwenda kuzika, nami nilikwenda pamoja nao.

Niliendelea kuitembea njia ile alfajiri, peke yangu. Nyundo zililia, karai likalia. Mara nyingi mama wa mandazi alinifungia mawili kwenye gazeti na kukataa pesa.

"Yule mzee," angesema, "angalau siku yake ya mwisho hapa tulimpa njia yenye utulivu."

"Mlimpa, mama," nilimjibu. "Mungu awalipe."

Yeye naye ametangulia mbele ya haki, Mola amrehemu, na mafundi wametawanyika. Ndiyo maana leo naweza kuyaandika haya.