Jicho la Mwalimu Idwal

Mji wa Pont-y-garreg ulipohitaji mtu wa kumchukia, ulimchukia Mererid Bebb. Hakuwa na ubaya na mtu. Aliimba kanisani, alipeleka keki kwenye nyumba za matanga bila kuombwa, na hakuwa mtu wa maneno maneno. Kosa lake lilikuwa kazi yake: ndiye aliyepokea simu za kliniki. Kila asubuhi saa mbili laini zilifunguliwa, na mji mzima, pamoja na wafugaji wa kondoo wa kule milimani, ukamwangukia kwa pamoja kama mvua ya mawe. Madaktari walikuwa wawili tu. Basi ilikuwa juu ya Mererid kuuliza maswali yake na kuamua: huyu aonwe leo, huyu mwenye kikohozi aende kwa mfamasia pale kona, huyu aliyejikata mkono akichonga kigingi ashuke hospitali ndogo ya bondeni akashonwe, na huyu mafua yake yatakwisha yenyewe, alale na anywe maji.

"Wewe udaktari ulisomea wapi?" walimfokea. "Kwenye foleni ya mkate?"

"Sikusomea udaktari, Bi Probert. Nilichojifunza ni kuuliza. Mtoto ananyonya?"

"Ananyonya, ndiyo!"

"Ana homa?"

Alikuwa na sauti ya taratibu isiyopanda wala kushuka, na wengi walidhani amezaliwa nayo. La. Utotoni alikuwa na kigugumizi kikali, neno linamkwama kooni mpaka machozi yanamtoka, na darasa zima linacheka. Aliyemfungua ulimi ni Mwalimu Idwal Parry. Wenzake walipotoka kucheza, alimkalisha darasani, akamwambia aisomee ramani ya ukutani majina ya mito, polepole, huku yeye akisahihisha madaftari na kujifanya hasikilizi. Mto baada ya mto, muhula baada ya muhula, ulimi ukalegea. Mererid hakuwahi kumshukuru kwa maneno, lakini kila alipomwona mzee huyo njiani, alisimama wima kama mwanafunzi.

Jumatatu moja ya mwezi wa Novemba, daktari mmoja alikuwa mgonjwa mwenyewe. Huw Glyn, meneja wa kliniki, alikuja na uso wa mtu ambaye hajanywa chai.

"Leo wa lazima tu, Mererid. Wa lazima tu. Wengine wote watafutie pa kwenda."

Laini zilifunguliwa, na taa zote za simu zikawaka. Mererid akapiga mbizi. Alikuwa amekwisha kutukanwa mara kadhaa aliposikia sauti aliyoijua.

"Mererid, mwanangu. Samahani kukusumbua."

"Mwalimu! Hunisumbui. Una nini?"

"Ni jicho tu. La kulia. Limekuwa jekundu."

"Linauma?"

 Kabla hajajibu, nyuma yake alisikika Bi Olwen, mke wa Mwalimu, akiuliza koti lake limefichwa wapi.

"Kidogo," alisema Mwalimu.

"Unaona vizuri?"

"Naona."

"Kichwa hakikuumi? Hujatapika?"

"Mererid, nimekwambia jicho. Sikusema tumbo."

Alicheka, na Mererid naye akacheka. Taa za simu zilikuwa zinamkonyeza, na Huw amesimama mlangoni akiitazama saa yake.

"Basi Mwalimu, hilo usilete hapa. Sisi hapa tuna tochi tu. Nenda kwa Angharad, pale duka la miwani. Siku hizi wao ndio wanaoona macho yanayouma, wana mashine zote. Nampigia sasa hivi akuwekee nafasi saa nne. Utafika?"

"Nitafika, mwanangu. Ubarikiwe."

Mererid akaweka nafasi, akaendelea na wengine. Alikuwa amemtuma pale alipofundishwa kuwatuma wagonjwa wa macho, na hata leo ukimuuliza daktari yeyote atakwambia njia ile ilikuwa sahihi.

Saa tano ilikuwa imepita Angharad alipopiga simu. Angharad alikuwa mpimaji macho kijana, asiyependa kupoteza maneno.

"Yule mzee wako wa jicho hajaja."

"Hajaja?"

"Hajaja, hajapiga. Nimemtafuta, hapokei."

 Mwalimu Idwal hakuwa mtu wa kuchelewa. Alikuwa mtu wa kufika mapema na kusimama nje ya mlango. Akapiga nyumbani kwake. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Safari hii ikapokewa.

"Halo?" Alikuwa Bi Olwen. "Nani mwenzangu?"

"Ni Mererid, Bi Olwen. Wa kliniki. Mwalimu yupo?"

"Idwal amefunga mapazia. Mchana wote huu, amefunga mapazia. Anasema taa zina pete."

"Zina nini?"

"Pete. Za rangi rangi. Mimi nimemwambia pete yangu ninayo kidoleni, sitaki nyingine." Kisha akasema kwa hasira, "Na koti langu nani kaliiba?" Simu ikakatika.

Mererid akainua macho. Kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani mbele yake, chini ya neno *macho*, swali la pete kuzunguka taa lilikuwapo. Asubuhi hakulifikia. Alikuwa amechekeshwa, akacheka, akaishia hapo. Akainuka na kugonga mlango wa daktari, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mgonjwa akiwa ndani.

Daktari alimsikiliza akiwa ameshika kipimo cha mapigo mkononi. "Jicho jekundu, na pete kwenye taa? Huyo asisubiri hata kidogo. Maji ya ndani ya jicho yamezibiwa njia, yanalikandamiza. Jicho linaweza kuzima leo leo. Apelekwe kwa Angharad sasa hivi, amtie dawa, ampigie hospitali kuu."

Mererid akaita gari la wagonjwa. Wakamuuliza kama mzee anapumua, kama kifua kinauma. Anapumua, akasema, kifua hakiumi, ni jicho. Basi itabidi asubiri, wakamjibu. Magari yote yako nje, huenda hadi jioni. Akakata simu, akachukua funguo zake.

Huw akasimama njiani. "Unakwenda wapi? Simu atapokea nani?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Maswali yako ukutani, Huw. Uliza yote. Usiruke hata moja."

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa juu ya mteremko nyuma ya kanisa. Bi Olwen ndiye aliyefungua mlango, amevaa koti la mumewe nyuma mbele. Jikoni kulikuwa na giza na harufu ya matapishi. Mwalimu Idwal alikuwa ameinamia meza, kitambaa kibichi usoni, beseni karibu na miguu yake.

"Nani kakuita?" alisema bila kuinua kichwa.

"Uliniambia jicho linauma kidogo, Mwalimu."

"Nilikwambia jekundu. Si jekundu?"

Akaondoa kitambaa. Jicho lilikuwa kama jeraha, na mboni yake imefifia kama kioo kilichopigwa na mvuke. Mererid alijizuia asirudi nyuma.

"Twende. Gari liko mlangoni."

"Siendi."

"Mwalimu, jicho litakufa. Daktari amesema. Leo leo."

"Lina mwenzake."

"Mwalimu!"

"Nikienda, nani atakaa na huyu?" Aliongea chini chini, mkewe asisikie, ingawa mkewe alikuwa anafungua makabati akitafuta lile koti alilokuwa amelivaa. "Kiangazi alitoka usiku na gauni la kulalia, jirani akamkuta barabarani. Ukaja ugeni wa halmashauri. Mama mmoja mpole, mpole sana, anaandika tu. Akasema, likitokea jambo jingine tutaangalia kama nyumbani ni mahali pake. Umesikia? *Mahali pake.* Sasa niende hospitali, waniulize, mzee, nyumbani umemwacha nani? Nikirudi sitamkuta."

Hapo ndipo Mererid alipoelewa. Asubuhi aliisikia sauti ya Bi Olwen kwenye simu, akaisikia kabisa, na hakuuliza. Alimpangia mtu njia bila kujua kama mtu huyo ana namna ya kutoka mlangoni.

"Tutakwenda naye," alisema.

"Akipotea huko?"

"Hatapotea. Nitamshika mkono mimi."

Mwalimu akataka kujibu, akainamia beseni. Alipomaliza, hakuwa na nguvu ya kubishana. Lakini sasa Bi Olwen ndiye aliyegoma. Alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Huyu simjui. Sipandi gari la mtu nisiyemjua."

"Ni mimi, Mererid. Binti wa tarishi."

"Tarishi alishakufa. Unanidanganya."

Mererid alimbembeleza. Akamtajia kwaya, akamtajia marehemu mama yake, akamwambia watarudi kunywa chai. Kila neno lilimfanya mama yule akaze mikono zaidi. Akajaribu kumgusa bega, akapigwa kofi mkononi. Mvua ilikuwa inaingia ndani, na kule nyuma yao Mwalimu amejishikiza ukutani, anaguna. Mererid alijua kila dakika inakula kitu ndani ya lile jicho, na ulimi wake, kwa mara ya kwanza tangu ujana, ukamkwama. "B-b-b—" alisema, na neno halikutoka.

Mwalimu Idwal akanyoosha mkono mbele, kama anayepapasa gizani.

"Olwen," alisema. "Nishike mkono. Mimi sioni."

Hakuwa amemwambia mtu yeyote neno hilo. Bi Olwen akamgeukia. Uso wake ukatulia, ukawa uso wa mwanamke aliyewahi kuendesha nyumba. Akauachia mlango, akamshika mumewe kiwiko, akamwongoza hatua kwa hatua hadi kwenye gari. "Kuna ngazi hapa," alimwambia. "Inua mguu. Mtu mzima huoni ngazi!"

Dukani, Angharad aliwapitisha mbele ya watu wote waliokuwa wakichagua miwani. Akaweka kidevu cha mzee kwenye mashine, akatazama, na Mererid akaona midomo yake ikibana. Akamtia matone, akampa vidonge, akashika simu na kuongea na hospitali kuu kwa sentensi fupi fupi.

"Wanawasubiri," alisema. "Nendeni. Msisimame kununua hata chai."

Hospitali kuu ilikuwa ng'ambo ya mlima, na siku hiyo mlima ulikuwa umevaa ukungu. Mererid aliendesha akiwa ameng'ang'ania usukani. Mahali fulani walikuta kondoo wamelala katikati ya lami, akawapigia honi na kuwatukana maneno ambayo hakujua kama anayajua. Kisha wakakwama nyuma ya trekta, na mwenye trekta hakuwa na haraka na mtu. Bi Olwen aliuliza wanakwenda wapi. Akajibiwa. Akauliza tena. Mwalimu alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo baridi, hata kuguna ameacha.

Walipofika, walimchukua moja kwa moja ndani. Mererid alikaa ukumbini na Bi Olwen, vidole vyao vimefungana, na kila mama yule alipoinuka, yeye aliinuka naye. Walitembea hadi dirishani, wakarudi, wakatembea tena. Jioni daktari wa macho alitoka. Alikuwa ametoboa tundu dogo kwa mwale wa mwanga, maji yakapata njia. Jicho limepona, alisema, lakini si lote. Pembeni pamekufa na hapatarudi. Ataona kama mtu anayechungulia kwenye mlango ulioachwa wazi nusu.

"Angefika asubuhi?" aliuliza Mererid.

Daktari alimtazama, akaona ni bora kusema kweli. "Angefika asubuhi, angebaki na zaidi. Angefika kesho, asingebaki na kitu."

Kwa kweli, hospitali waliuliza nyumbani yuko nani, na halmashauri wakaja. Bi Olwen hakuchukuliwa. Alipewa mwanamke wa kuja kukaa naye asubuhi kadhaa kila wiki, mcheshi mmoja anayependa kusuka sweta. Lakini Mwalimu Idwal hakuliona hilo kuwa heri. Kwake, Mererid alikuwa mtu aliyeingia jikoni mwake na kuifungulia serikali mlango. Kanisani alibadili kiti. Njiani alimpita akitazama ukuta, na watu wakanong'ona kwamba ni lile jicho, haoni pembeni. Mererid alijua anaona.

Yeye alirudi kwenye simu zake. Aliongeza swali moja la kwake, ambalo halikuwa kwenye karatasi ya ukutani: nyumbani uko na nani? Huw alilalamika kwamba linarefusha foleni. Wenye hasira walimuuliza linamhusu nini. Mara nyingi jibu halikubadilisha kitu. Mara chache lilibadilisha kila kitu: mama mmoja mwenye kipele tu mkononi aliposikia swali hilo alianza kulia.

Majira ya baridi yakaendelea hivyo. Mwezi wa Februari, asubuhi moja ya barafu, laini zilipofunguliwa, taa ya simu ya kwanza ikawaka. Mererid akapokea.

"Kliniki. Habari za asubuhi."

"Ni Idwal Parry."

Akanyoosha mgongo. "Ndiyo, Mwalimu."

"Olwen anakohoa. Tangu juzi. Usiku hakulala, na kifua kinalia kama birika." Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu anayelipa kitu kwa shida. "Sijui nimpeleke wapi. Kwa mfamasia, au kwenu, au wapi. Uliza maswali yako. Nitajibu yote, na safari hii nitajibu kweli."

Mererid akavuta kiti karibu. Simu nyingine zilikuwa zinawaka, akaziacha ziwake.

"Haya, Mwalimu," alisema. "Midomo yake ina rangi gani?"