Mifuko Mitupu Ndani ya Siku Saba

Kwa miaka kumi na mmoja kazi ya mwanamke huyu ilikuwa kuosha mizizi. Katika shamba la majaribio nyuma ya chuo cha kilimo, watafiti waling'oa mahindi pamoja na udongo wake, wakamletea kwenye karai. Yeye aliyamwagia maji polepole juu ya chekecheo, akatoa udongo bila kukata hata uzi mmoja, kisha akautandaza mzizi juu ya kitambaa cheusi ili upimwe. Hakuwa na cheti. Alikuwa na macho, vidole, na maswali ambayo watafiti walichoka kuyajibu. Majirani walimwita Mama Mizizi, wala si kwa heshima. Walicheka kwamba anaosha kitu ambacho hata mbuzi hakili.

Shamba la majaribio lilipofungwa, alirudi kwenye ekari moja aliyoachiwa na marehemu mumewe, akajiunga na chama cha wakulima. Huko ndiko alikokutana na ujinga uliopigwa mhuri.

Chama kiligawa mbolea za aina mbili kwa siku moja, kutoka lori moja: ya kupandia na ya kukuzia. Msimu fulani wanachama wawili walikamatwa wakiuza yao sokoni. Badala ya kuwaadhibu wale wawili, kamati iliwaadhibu wote. Iliweka sharti kwamba kila mwanachama arudishe mifuko yote ikiwa mitupu ndani ya siku saba tangu kupanda. Mfuko mtupu ndio ungekuwa ushahidi kwamba mbolea imeingia shambani. Asiyerudisha, jina lake lingefutwa.

Sharti hilo lilitungwa na watu wazima wenye akili zao, mezani, wakinywa chai. Hakuna hata mmoja aliyeuliza hindi linakuwaje siku ya saba. Siku ya saba hindi ndiyo kwanza linachungulia, na mizizi yake ni nyuzi chache tu. Mmea hautafuni mbolea, unainywa. Naitrojeni iliyomo huyeyuka katika maji ya udongo, na mzizi huyanyonya maji hayo. Pasipo na mzizi wa kunyonya, mvua huishusha chini kabisa, ambako hakuna hindi litakaloifikia. Mche mchanga huhitaji kidogo sana. Njaa yenyewe huanza mahindi yanapofika gotini, wiki ya nne au ya tano, na haitulii mpaka yachanue. Kamati iliamuru mtoto mchanga alishwe chakula cha mwaka mzima ndani ya juma moja, kisha ikashangaa kumwona amekonda.

Na watu walitii. Hilo ndilo linalochoma moyo zaidi. Walimimina yote, wakapanga foleni na mifuko imekunjwa kama sare za shule, wakasema asante. Mvua ikanyesha. Kufikia wiki ya tano majani ya chini yalikuwa manjano, njano imeanzia nchani na kufuata uti wa jani kama ncha ya mkuki. Kamati ilipita mashambani na kutoa hukumu yake: wakulima wavivu, hawapalilii.

Misimu miwili Mama Mizizi alisimama mkutanoni kueleza. Mara ya kwanza aliambiwa aandike barua. Akaandika. Mara ya pili aliambiwa barua haikufika, ilhali Katibu aliyeipokea kwa mikono yake miwili alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu.

Msimu wa tatu hakusema neno. Mbolea ya kukuzia aliimimina ndani ya pipa la plastiki lenye mfuniko wa kubana, akaliweka juu ya matofali nyuma ya kitanda, na siku ya sita akarudisha mifuko mitupu. Wapo watakaosema alidanganya. Ni kweli, alidanganya, na lawama yake ni yake. Lakini lawama iliyo kubwa zaidi ni ya wale waliomfungia mtu mkweli kila mlango, kisha wakamlaumu kwa kupitia dirishani.

Aliyemfichua hakuwa adui. Jirani yake, mama wa mapacha, alikuja asubuhi moja akilia: mahindi yake yote njano. Mama Mizizi alimpa makopo mawili kutoka kwenye pipa.

"Toboa kishimo, shubiri moja kutoka kwenye shina," alimwelekeza. "Tia kidogo, ufukie. Ukiiacha juu itapaa hewani, utaisikia harufu tu, na harufu haishibishi hindi."

Mama wa mapacha alifuata neno kwa neno. Kisha, kwa furaha tu, akasimulia kwenye mashine ya kusaga, mbele ya foleni nzima. Jioni ile ile Katibu alipiga hodi.

"Karibu, shemeji. Hivyo viatu vya mkutano vimepotea njia leo?"

"Sikuja kwa utani. Kuna pipa humu."

"Lipo. Rangi yake umeambiwa au nikuambie?"

"Mbolea ya chama inafanya nini nyuma ya kitanda chako?"

"Inasubiri mahindi. Yamefika gotini jana."

"Utaratibu ni siku saba, shemeji!"

"Hindi halijasoma utaratibu wako."

Katibu alivua kofia, akaivaa tena. "Kamati inakaa kesho asubuhi. Saa saba tunakuja kulichukua. Nisipofanya hivyo watasema nakubeba kwa sababu ya kaka."

"Kaka yako angekuwepo angekuuliza barua yangu uliitia wapi."

Katibu aligeukia mlango. "Usiliguse mpaka kesho," akasema, akaondoka.

Pipa lile lilikuwa chakula cha mwaka mzima. Wiki hiyo ndiyo mahindi yalikuwa yameanza kunywa kwa pupa. Yakinyimwa, angevuna magunzi kama misimu miwili iliyopita, na hakuna barua ambayo ingeyajaza punje.

Hakwenda kikaoni kujitetea. Kulipopambazuka alikuwa shambani na ndoo, na nyuma yake mama wa mapacha ameshika kijiti cha kutobolea, hathubutu kumtazama usoni.

"Nisamehe, dada. Mdomo wangu huu, ningekuwa na uwezo ningeushona."

"Utaushona baadaye. Sasa toboa."

Walikwenda mstari kwa mstari, mmoja akitoboa, mwingine akitia na kufukia kwa kisigino. Saa sita na nusu walimaliza mstari wa mwisho. Saa saba kamati ikafika na mkokoteni, Mwenyekiti mbele. Walilikuta pipa uani, limesuuzwa, limepinduliwa.

"Mbolea iko wapi?" Mwenyekiti alifoka.

"Shambani."

"Umeharibu ushahidi!"

"Ushahidi wa nini, mzee? Mlitaka mbolea iingie shambani. Imeingia. Kama mnaitaka, fukueni. Mashimo ni mengi kidogo, mtahitaji chai."

Mama wa mapacha alicheka, kisha akaziba mdomo. Mwenyekiti hakucheka. Tangu sharti lile liandikwe, hii ilikuwa mara ya kwanza kamati kusimama mbele ya shamba lililotiwa mbolea kwa wakati wake, nayo ikaita jambo hilo wizi. Jina lilifutwa siku ile ile. Aliyelipiga mstari ni Katibu, kwa kalamu yake, na hakuinua macho.

Mahindi ya Mama Mizizi yalikaa kijani mpaka yakachanua, akavuna gunia kwa gunia. Hakuna mjumbe hata mmoja aliyekuja kuuliza. Ripoti ya kamati ilisema njano ya mashamba mengine ilitokana na mbegu mbovu. Watu wenye uwezo wa kusoma waliandika uongo huo, wakausaini, wakaenda kulala.

Msimu uliofuata, siku ya lori, Mama Mizizi hakuwa na haki ya kuingia ndani. Alisimama nje ya geti la ghala, na kila aliyetoka na mifuko alimwambia: "Ya kupandia tia sasa. Ya kukuzia ifiche, mahindi yakifika gotini ndipo uitie." Wengine walipita wakitazama pembeni. Wengine walisimama.

Mwenyekiti aliona, akamtuma mlinzi amfukuze. Mlinzi alikuwa mtu mrefu wa kuinama milangoni. Alikuja na rungu lake, akasimama mbele yake, akaligeuzia ghala mgongo.

"Mama, nimetumwa nikufukuze," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka ndani. Kisha akaishusha. "Lakini hilo goti unalosema ni la nani? Langu au lako?"

"Langu," alijibu, bila kucheka. "Ukisubiri la kwako utachelewa."