Sakafu ya Nyumba ya Maziwa

Siku ya kwanza nilipoliona lile shamba la kale, pembezoni mwa London, si mbali na Stanmore, niliwaonea wivu ng'ombe. Sioni haya kulisema. Enzi ya Kiviktoria, tajiri mmoja aliwajengea ng'ombe wake mabanda ya matofali mekundu, yenye madirisha ya upinde, matundu ya hewa juu ya paa na mnara wa saa langoni. Ng'ombe hawasomi saa! Na nyumba ya babu yangu Mji Mkongwe, yenye mlango wa nakshi, ilikuwa imeshaporomoka ghorofa ya juu tangu tulipoondoka baada ya Mapinduzi, hakuna hata wa kuitia chokaa.

Nilikwenda pale kikazi. Wakati huo nilikuwa mtu mwenye diploma ya ujenzi, na niliipata kwa jasho langu: mchana naosha vyombo katika mkahawa wa Thornton Heath, jioni niko darasani, na mtihani wa mwisho niliwapita Waingereza wenyewe. Ofisi ya wasanifu iliyoniajiri haikunichukua kwa huruma.

Majengo yalizunguka uwanja wa mraba. Upande wa kaskazini lilikaa ghala la nafaka, refu, kukinga upepo wa baridi. Mabanda ya ng'ombe yalikuwa mashariki na magharibi, sakafu zake za tofali la buluu zenye mifereji. Kusini palikuwa na ukuta mfupi tu, ili jua liingie. Pembeni, peke yake, ilisimama nyumba ya maziwa: pembe nane, kuta nene, vigae vyeupe ndani, madirisha ya mbao zilizopishana, na paa lililoshuka hadi likafanya kibaraza pande zote. Maziwa hayakutakiwa kuona jua. Nilipoingia mara ya kwanza ubaridi wake ulinikumbusha chumba cha chini cha nyumba ya babu, nikaipenda papo hapo.

Mkuu wetu, Mwingereza wa maneno machache, alitaka kila mmoja wetu, mimi na mwenzangu, aipime nyumba ile na aeleze angeitengeneza vipi. Mwenye pendekezo bora ndiye angeisimamia mpaka mwisho, na jina lake lingeandikwa kwenye kibao mlangoni. Nilikitaka kibao kile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka London.

Mwenzangu alikuwa Mhindi, mzaliwa wa Mombasa, rika langu. Naye alikuwa na diploma, lakini yeye alilipiwa na baba yake. Alikuwa na gari. Alikuwa na nyumba ya kwao Stanmore, na mama wa kumfungia chakula kila asubuhi. Mkuu alicheka naye kama mpwa wake; na mimi alizungumza kuhusu kazi tu.

Siku ya kupima alifungua bakuli lake kibarazani.

"Kula, bwana. Mamangu amekupikia na wewe. Asema Mzanzibari amekonda."

"Nimeshiba," nikamjibu, na harufu ya kachori inanitoa mate.

Mimi nilikuwa nimeshapima kila kitu tangu asubuhi. Yeye ndiyo kwanza alifika mlangoni, akainama na kuanza kufungua kamba za viatu.

"Wee, unafanya nini?"

"Navua viatu. Huoni ndani kulivyo kweupe? Kama hekaluni kwetu Neasden. Miguu yakataa yenyewe."

"Hapa waliweka siagi, hawakuweka Mungu."

"Na nyinyi Unguja mwaingia na viatu majumbani?"

"Hatuingii. Lakini hii ni kazi."

"Haya, mwenye diploma. Pita na mabuti yako."

Akaingia na soksi. Nikasimama mlangoni, nikimngoja mkuu apite amwone nimcheke. Hakufika katikati ya chumba, akaganda kando ya ukuta.

"Bwana, hebu njoo. Soksi yangu yalowa."

"Maji ya mvua hayo."

"Mvua ipite wapi? Paa halivuji, na wewe ndiye uliyelichora."

Akaanza kutembea taratibu akiufuata unyevu kwa nyayo, ukuta mmoja hadi mwingine, pembe zote nane, mpaka akarudi alipoanzia. Vigae vya sakafu vilionekana vikavu kabisa. Macho yangu hayakuona kitu. Kumbe chini ya sakafu ulipita mfereji, ulioleta maji ya bwawa yazunguke chini ya rafu za mawe na kuyapoza maziwa. Ulikuwa umezibwa na udongo, maji yakapanda.

Mimi nilikuwa nimependekeza kumwaga zege sakafu nzima; yeye akapendekeza kuuzibua mfereji. Mkuu alitandaza michoro yetu mezani, akaisifu mistari yangu, akasema ofisini hakuna mkono nadhifu kama wangu. Kisha akasema zege lingeyasukuma maji yapande ukutani, na nyumba akampa yeye. Mimi nikapewa mabanda ya ng'ombe. Niliyatengeneza vizuri, tena vizuri sana, atakayebisha aende akayaone.

Lakini viatu! Mimi niliyefunzwa kuvua viatu kabla sijafunzwa kusoma, nikapitwa kwa hilo na mtu wa kulipiwa ada.

Siku ya ufunguzi nilivaa suti mpya. Jina lake lilikuwa linang'aa mlangoni. Watu walipotoka kunywa chai uwanjani, nikabaki. Nikavua viatu, na soksi pia, nikaifuata njia yake kando ya kuta, kila hatua nikiomba nikanyage majimaji. Pembe zote nane zilikuwa kavu. Nilisikia maji yakipita chini yangu kwa utulivu, mferejini.

Alinikuta hivyo, viatu mkononi.

"Waionaje?" akauliza.

Nikatoka, nikavaa viatu pale kibarazani, nikainua uso.

"Kibao chako kimepinda."

Akacheka, akaenda kuwaambia wengine. Lakini kilikuwa kimepinda kweli, kidogo, upande wa kushoto. Leo nimerudi hapa Zanzibar, na katika nyumba niliyoijenga kwa pesa yangu, yenye kibaraza pande zote, kibao chenye jina langu nilikifunga mwenyewe kwa pima maji. Na haingii mtu mpaka avue viatu.