Nilimwombea Mgonjwa wa Kwenye Filamu

Akina mama wenzangu, nichekeni tu, sitanuna. Jumapili nilitoka ibadani na sare yangu ya kwaya, moja kwa moja hadi kibanda cha video hapa Mpemba, kumtoa binti yangu Neema kwenye filamu niliyoambiwa ni ya matusi. Kweli, kwenye filamu mzee mmoja alikuwa anajamba mbele ya wakwe! Nikakunja uso. Halafu mkewe akaugua, mzee akawa anamlisha uji huku akimtania acheke. Hivyohivyo ndivyo nilivyomuuguza marehemu baba Neema. Nikajisahau, nikafumba macho na kunyoosha mkono.

"Bwana, mponye mama huyu!"

"Amina!" kibanda kizima kikaitikia.

Kufumbua macho, filamu imesimamishwa, wote wamenigeukia. Neema, machozi yakimtoka, akanisogezea nafasi kwenye benchi.

"Kaa, mama. Bado hajafa."