Kilalo cha Tata Mbayo

Tshilombo alikuwa dessinateur katika ofisi ya kampuni ya migodi, mchora ramani, mtu wa kalamu na rula. Babu yake aliletwa kutoka Kasai, mkoa wa mbali, kuchimba shaba. Yeye alizaliwa Musonoi, mtaa wa wachimbaji. Hiyo Kasai hakuwahi kuikanyaga. Aliijua kwa nyimbo za mama yake tu.

Machimbo yalipoanza kufa na mishahara kukatika, kampuni haikuwa tena na kitu cha kumpa achore. Ndipo alipopata nafasi ya kujenga kilalo, daraja la watu wa mtaa. Chini ya Musonoi kuna kijito, na ng'ambo yake ndiko mashamba ya muhogo na njia ya makala, mkaa wa kupikia. Wakati wa mvua bamama walivuka maji yakiwafika kiunoni, na wanaume walibeba kinga, baiskeli zao, mabegani, magurudumu juu. Daraja halikuwepo.

Wenzake wa ofisini walimwambia, "Tia bichuma na rangi ya manjano, tata. Bantu baone kama tulitumika kazi!"

"Kilalo iko ya kupita," Tshilombo alijibu. "Haiko ya kuangaria."

Alishinda kando ya maji kama mtu anayevua samaki, kumbe anatazama tu. Aliona mti mkubwa wa muputu umesimama palepale njia ilipotaka kupita. Mwingine angeukata. Yeye alikipinda kilalo kikauzunguka. Nguzo alichagua mubanga, mti unaowashinda mchwa. Mbao alizilaza kwa upana, sababu zikilazwa kwa urefu gurudumu la kinga linanaswa katikati, mtu anaanguka na muzigo wake. Mikono ya kushikia aliiinamisha nje kidogo ili mifuko ya makala isikwaruze. Akapaka yote mafuta meusi ya motere ya gari mpaka ikawa na rangi ya kivuli. Bamama walileta mawe mekundu ya kilima, vijana wakachimba, na kazi ilipoisha, ukisimama barabarani ulikuwa huoni daraja. Uliona miti, majani, halafu mutu anatembea juu ya maji. Batoto walipiga kelele za kushangaa.

Siku ya kufungua, mke wake Kabedi alimsukuma mgongoni.

"Pita weye mbele. Ni kazi yako."

"Mama, nitapitaje? Mwenye udongo njo anatia muguu wa kwanza. Mi niko mutoto wa bageni."

"Mugeni wa wapi? Kitovu chako kilizikwa hapa!"

Lakini Tshilombo alifuata heshima. Alimwita Tata Mbayo, mwenyeji wa udongo ule na mkubwa wa mtaa, jirani yake wa nyuma ya ua, ambaye batoto bake walikuwa wakila kwenye sufuria ya Kabedi. Mbayo alivuka na shati jeupe, vigelegele vikapigwa, na tangu siku ile kikaitwa Kilalo cha Tata Mbayo. Aliyepiga makofi kuliko wote ni Tshilombo.

Kisha ukaja mwaka wa 1993. Kwenye mikutano wakubwa wa siasa walisema watu wa Kasai warudi kwao. Vijana walipita mlango kwa mlango, na nyumba za avenue ya pili zikachomwa. Tshilombo hakutaka kutoka. Katika mtaa ule, mtu ambaye Mbayo alimsemea hakuguswa.

"Tata Mbayo atasema," alimwambia mke wake. "Anajua nilifanya nini hapa."

Kabedi alifunga godoro na sufuria kwenye kinga, kwani Mbayo alikuwa akishinda kilaloni, na kama angekataa, njia ya kwenda kwenye gari la moshi ilipita hapohapo.

Walimkuta Mbayo amekaa pale na vijana, fimbo mikononi. Kijana mmoja, Nkulu, alisimama katikati ya njia.

"Bilulu batoke!" Wadudu, ndivyo walivyowaita watu wa Kasai.

"Tata Mbayo," Tshilombo alisema, "baambie. Nani alichora hii kilalo?"

Nkulu alicheka mpaka akajishika mbavu. "Kuchora nini? Hii miti ya kwetu! Iliota yenyewe, njo maana inakaa hivi. Mutu wa Kasai anajua pori yetu?"

"Tata, sema tu neno moja. Nibaki kwangu."

Mbayo aliangalia maji. Aliangalia vijana. Akakohoa.

"Kilalo ni ya inchi yetu," alisema. "Kila mutu anajua jina yake."

Basi. Tshilombo alishika usukani wa kinga. Nkulu alijisogeza kando na kuwapungia mkono kama polisi wa barabarani. Wakaanza kusukuma. Walipofika karibu na muputu, nyayo ziliwafuata. Ni Mbayo, peke yake, sauti ya chini.

"Tshilombo, ndugu yangu... Hizi mbao, tunabadirisha namna gani kama zimeoza?"

Kabedi aligeuka upesi kuliko mume wake.

"Uliza mwenye kilalo, tata!"

Mbayo alirudi nyuma hatua moja. Tshilombo alikuwa ameinamisha kichwa. Miguuni pake kabari ya ubao mmoja ilikuwa imechomoka nusu, na pigo moja la jiwe lingeirudisha. Mkono wake ulishuka wenyewe. Kisha akaurudisha kwenye usukani, akapitisha gurudumu juu ya ubao ule uliocheza, na hakugeuka mpaka miti ilipowafunika.